Dume Aliyelichosha Wingu

Maziwa ya Bunda yalianza kuganda yakiwa kwenye foleni. Wa kwanza kulaumiwa alikuwa jua, wa pili kampuni ya simu, na wa tatu Dorah Nyamburi.

Dorah alikuwa afisa mifumo wa Ushirika wa Maziwa Tupendane, wenye ofisi kuu Buhare, pembezoni mwa mji wa Musoma, na vituo vya kukusanyia maziwa Bunda na Butiama. Yeye ndiye aliyeshauri mfumo mzima uhamishiwe kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za kukodi zilizoko nje ya nchi, ili hata umeme ukikatika Buhare vituo viendelee na kazi. Shauri lilipita kwa makofi, na kwa miezi kadhaa mambo yalikwenda vizuri. Mfugaji anafika na keni yake, maziwa yanapimwa, karani anabonyeza, mfumo unatoa namba ya kupokelea, maziwa yanamiminwa kwenye tangi la ubaridi. Bila namba hakuna kumimina. Kanuni hiyo wanachama walijitungia wenyewe kwenye mkutano mkuu, na hakuna aliyekuwa tayari kuivunja, hata pale mfumo ulipoanza kutafakari kila keni kama vile inamposa binti yake.

Eunice, karani wa kituo cha Bunda, mwanamke mpole asiyependa kusumbua watu, akaanza kupiga simu Buhare kila asubuhi. Hakuwa analalamika. Alitoa taarifa tu, kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya kanisani. Keni ya Mama Hilda iliingia ikiwa maziwa, imepata namba ikiwa mtindi. Keni ya Samweli vivyo hivyo. Keni ya mwalimu wa Balili imefunguka yenyewe.

Dorah alifanya kila anachotakiwa kufanya mtu aliyesomea mambo hayo. Alipima mtandao wa Bunda, akakuta uko sawa. Akapima wa Butiama, sawa. Akaandikiana na watu wa huduma kwa wateja wa kampuni ya wingu, ambao walimpa pole, wakamshukuru kwa uvumilivu wake, wakamwomba aizime mashine na kuiwasha. Akaizima, akaiwasha. Wakamshukuru tena, wakamwomba arudie. Mwisho wakamwelekeza aangalie grafu ya kazi ya mashine, na hapo akaona kwamba mashine imebanwa hadi kooni. Mstari ulikuwa umelala juu kabisa, umenyooka kama bati la paa.

Basi akakodi mashine kubwa zaidi. Alasiri nzima mfumo ulipaa, Eunice akapiga simu kushukuru. Kesho yake asubuhi ukarudi kule kule, tena ukazidi. Dorah akakodi mashine kubwa kuliko ile kubwa. Ikawa hivyo hivyo, alasiri moja ya raha na kesho yake mtindi.

Meneja wa ushirika, Boniphace, mtu wa suruali zilizopigwa pasi hadi mkunjo ukakata kama wembe, aliona kwamba mfumo unachoshwa na makarani wanaobonyeza ovyo. Akatoa agizo kila karani abonyeze mara moja tu, kwa kidole kimoja, kisha aondoe mkono mezani. Mwenyekiti wa bodi, Mzee Mniko, bwana mifugo mstaafu, yeye alitaka kwanza kujua hilo wingu liko wapi hasa. Dorah akamwambia liko Afrika Kusini. Mzee akauliza kama ni la Tupendane peke yao au wapo na wengine. Dorah akakiri kwamba wapo wengine, wengi tu.

"Basi ndiyo hiyo," alisema Mzee Mniko. "Malisho ya kuchangia yanaishaga mapema. Waambie watupe upande wetu."

Lawama hiyo ilikuwa inakaribia kuwa ya kitaalamu.

Kwenye ile grafu kulikuwa na kitu kimoja ambacho angekiangalia kwa makini tangu mwanzo asingehangaika. Kazi zote za mashine zilikuwa na majina, na kazi moja iliyoitwa Ulinzi ndiyo iliyokuwa inakula karibu nguvu yote. Dorah aliiona. Alidhani ni ile programu ya kuzuia wezi wa mitandaoni, akasema moyoni kwamba kumbe wanashambuliwa sana, na mlinzi anapigana peke yake, maskini. Hakumgusa. Alimwonea huruma, na hizo mashine kubwa alizikodi pia kwa ajili yake.

Na kwa kuwa grafu zenyewe zilichelewa kufunguka, Dorah alijizoesha kupitisha muda kwa kumwangalia Mstahiki.

Mstahiki alikuwa dume la ushirika, ng'ombe mwekundu wa mbegu bora mwenye bega pana, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya mwendo wake. Hakuna mtu aliyewahi kumwona ana haraka. Alitunzwa kwenye banda Butiama, njia ya kwenda Mwitongo, chini ya mtu mmoja makini sana aitwaye Kasmiri. Wizi wa mifugo ulipotokea kata ya jirani, wanachama walidai kila mmoja wao aweze kumwona dume wake wakati wowote anaotaka. Boniphace akaleta fundi kutoka Mwanza, fundi akafunga kamera bandani, na tangu siku hiyo ukifungua mfumo wa Tupendane, kabla hujafika kwenye maziwa, unakutana kwanza na kidirisha chenye Mstahiki akicheua.

Kumwangalia kulituliza. Dorah aligundua kwamba kila alipokodi mashine kubwa zaidi, picha ya Mstahiki ilizidi kung'aa. Siku hizi ungeweza kuhesabu kope zake. Ungeweza kumtofautisha inzi mmoja na mwingine. Dorah alifurahi kwamba angalau kipo kitu kimoja kwenye mfumo mzima kinachofanya kazi kama inavyotakiwa.

Baada ya keni ya mwalimu wa Balili kufunguka mara ya pili na kumwogesha mtu, Dorah alifunga safari kwenda Bunda kujionea mwenyewe. Alipanda gari la maziwa na dereva wake Gody, kijana wa Buhemba aliyeacha kuchimba dhahabu kwa sababu, kama alivyosema, ng'ombe haporomoki.

Alitegemea kukuta watu wamekasirika. Alikuta wametulia kama wako ibadani. Wafugaji walikaa kwenye mabenchi nje ya kituo, keni miguuni, kila mmoja ameinamia simu yake. Wasio na simu za kuonesha picha walikuwa wamesimama nyuma ya Eunice, wakichungulia kompyuta yake juu ya mabega. Ng'ambo ya barabara kinyozi alikuwa amemfungulia Mstahiki kwenye televisheni ya saluni, na wateja walikuwa wanakaa hata baada ya kumaliza kunyolewa.

"Amegeuza sikio," alisema Mama Hilda, mjane mnene mwenye ng'ombe watatu na maoni mengi.

"La kushoto," alijibu mwingine.

Wakalitafakari sikio.

Dorah akauliza mambo hayo yalianza lini. Walimweleza bila kuficha chochote. Zamani walikuwa wanaleta maziwa, wanapata namba na kwenda zao. Mfumo ulipoanza kuwa mzito ikabidi wasubiri, na mtu anayesubiri lazima aangalie kitu. Wakaanza kumwangalia Mstahiki. Wakamzoea. Wengine waliwatumia ndugu zao Mwanza na Dar es Salaam, ndugu nao wakawatumia wenzao. Kulikuwa na mzee mmoja pale kituoni asiyekuwa na ng'ombe hata mmoja, ambaye alikuwa anafika kila asubuhi na kigoda chake. Mfumo mzito ulikuwa umeleta watazamaji. Kwa nini ulikuwa mzito, hilo hawakujua, walikuwa wamemwachia Dorah.

Akasogezewa nafasi kwenye benchi. Alikusudia kukaa kidogo tu. Kwenye picha Kasmiri aliingia na fagio, akaanza kusafisha banda, na watu wakaanza kumkosoa. Mama Hilda aliona ameruka kona moja. Kwa kuwa namba ya Kasmiri alikuwa nayo, akampigia. Walisalimiana, wakaulizana habari za nyumbani, akamwambia kuhusu kona, Kasmiri akashukuru, wakaagana. Muda wote huo Kasmiri wa kwenye picha alikuwa anafagia tu, kimya, simu iko mfukoni. Mama Hilda alikwisha weka simu yake kwenye pochi na kuanza kuzungumzia habari za dagaa ndipo yule wa kwenye picha akashtuka, akatoa simu, akaiweka sikioni, akatikisa kichwa kwa heshima na kuirudia kona.

"Anasikiaga polepole," alisema Mama Hilda.

Dorah alikuwa anafungua mdomo kueleza kwamba picha ndiyo inayochelewa, si Kasmiri, wakati Mstahiki alipoanza kusimama.

Kusimama kwa Mstahiki lilikuwa jambo kubwa. Lilitanguliwa na pumzi, halafu magoti ya mbele, halafu kituo kirefu kama mtu anayekumbuka alichosahau, kisha mgongo wote ukapanda. Benchi zima lilisema "anasimama" kwa pamoja. Kinyozi alizima mashine yake. Watu waliokuwa njiani wakatoa simu. Na hapo hapo, kwenye kompyuta ya Eunice, kile kiduara cha kusubiria, ambacho siku zote kilikuwa kinazunguka japo kwa shida, kikasimama kabisa. Mstahiki aliposimama na chenyewe kilisimama, kama kinampa heshima.

Dorah akatoa kompyuta yake kwenye begi. Grafu ilipofunguka aliona mstari wa Ulinzi umegonga dari. Akatafuta idadi ya watu waliounganishwa na hiyo huduma. Ushirika haukuwa na wanachama hata mia tano. Waliounganishwa walikuwa zaidi ya elfu sita.

Akampigia Boniphace.

"Meneja, ile huduma iliyoandikwa Ulinzi, ni ulinzi wa nini?"

"Wa dume," alisema Boniphace, akishangaa. "Kwani kuna kitu kingine tunacholinda?"

Dorah akakata simu. Alijiona yeye mwenyewe kule Buhare, mezani kwake, akimwangalia Mstahiki wakati anasubiri grafu itakayomwambia nani anaila mashine. Alikumbuka zile mashine kubwa. Kila alipoongeza nguvu, kamera ilijichukulia na kutoa picha safi zaidi. Picha safi ikaleta watu zaidi. Watu zaidi wakaielemea mashine. Yeye akaongeza nguvu. Kwa muda wote huo alikuwa ananenepesha picha ya ng'ombe.

Hakumuuliza mtu. Akaizima huduma ya Ulinzi.

Kompyuta ya Eunice ilitoa namba ya kwanza kwa kasi iliyomfanya arudishe mkono kama aliyeguswa na umeme. Ikatoa ya pili kabla hajabonyeza vizuri. Keni zikaanza kumiminwa moja baada ya nyingine, na maziwa yaliingia kwenye tangi yakiwa maziwa. Foleni iliyokuwa inamalizika mchana iliisha upesi kiasi kwamba mzee wa kigoda alibaki peke yake akiangalia ukuta. Dorah aliagiza soda. Alisikia amani aliyoikosa tangu maziwa yaanze kuganda, na aliifaidi mpaka nusu ya chupa.

Simu ya kwanza ilitoka kwa kinyozi, aliyekuwa ng'ambo ya barabara lakini hakutaka kuacha kichwa cha mteja. Aliuliza kama ni kweli. Ya pili ilitoka Mwanza, ya tatu Tarime. Mtu mmoja alipiga kutoka Dar es Salaam akilia, akimpa Eunice pole ya msiba. Habari iliyokuwa inazunguka ni kwamba Mstahiki alisimama ghafla, akaanguka, na ushirika umekata picha ili watu wasione.

Boniphace alipoulizwa, alisema hakuna kilichotokea na wanachama wasiwe na hofu. Kila mtu akajua basi ni kweli.

Dorah aliona dawa ni kuwatumia wanachama wote ujumbe mmoja, mfupi na wa wazi. Akaandika kwamba Mstahiki ni mzima, amezimwa kwa muda. Aliutuma haraka, akausoma baadaye, na aliporudia yale maneno matatu ya mwisho soda ilimpalia.

Haikuwezekana tena kukaa Bunda. Yeye na Gody waliingia kwenye gari kuelekea Butiama, na kabla Gody hajawasha, Mama Hilda na wanawake wengine walikuwa wamekwisha panda nyuma kati ya keni tupu, wamejifunga khanga kiunoni. Dorah aliwaambia dume hajafa. Walimjibu kwa upole kwamba wanaelewa hali yake, na asijilaumu. Njia nzima mpaka Makutano na kukunja kulia, pikipiki zilikuwa zinawapita, zote zikielekea upande mmoja.

Bandani turubai lilikuwa limekwisha fungwa. Mioto ilikuwa inawaka, masufuria makubwa yameazimwa kanisani, na kina mama wa kwaya walikuwa wameanza wimbo wa taratibu. Mzee Mniko alikuwepo, amevaa koti. Kasmiri alisimama mlangoni pa banda, fagio mkononi, sauti imemkauka. Tangu mchana alikuwa anamwambia kila anayefika kwamba dume yuko hai, na kila anayefika alikuwa anamshika mkono na kumwambia jikaze.

Na dume alikuwepo. Alikuwa amelala ndani, nyuma ya Kasmiri, amewapa watu mgongo, anacheua.

Dorah alipita katikati ya watu, akamwonesha Mzee Mniko kwa kidole. Mzee aliinama, akamtazama yule ng'ombe kwa muda mrefu, kwa jicho la kazi. Kisha akasimama wima na kutikisa kichwa.

"Huyu siye," alisema. "Mimi nimekuwaga bwana mifugo maisha yangu yote. Mstahiki ni mkubwa kuliko huyu. Tena ni mwekundu zaidi."

Watu wakasogea kuangalia, na wote wakaona hivyo hivyo. Yule wa kwenye simu alikuwa na bega kama mlango wa kanisa. Huyu alikuwa ng'ombe mzuri, hakuna aliyebisha, lakini wa kawaida. Mama Hilda alisema kope si zile. Uvumi ukageuka palepale, kutoka kifo hadi wizi: Mstahiki ameibiwa, picha imekatwa ili aibiwe, na hapa limewekwa dume lingine la kupoza watu. Kasmiri, kwa sauti yake iliyobaki, akasema yeye ndiye anamlishaga kila siku na anamjua. Wakamjibu kwamba lazima aseme hivyo, maana yeye ndiye atakayeulizwa.

Dorah alijaribu kueleza kwamba kamera imefungwa chini, karibu na shingo ya dume, na kitu kikiangaliwa kwa chini na kwa karibu kinakuwa kikubwa. Walimsikiliza vizuri. Mzee Mniko akasema maelezo ni mazuri ila yeye dume wake anamfahamu, amemwangalia kwenye televisheni ya sebuleni tangu alipofungiwa kamera, jioni zote, na huyu hamfahamu. Kama Dorah anasema ni yeye, basi afungue picha, wawalinganishe.

Hapo ndipo alipobanwa. Akifungua picha, Bunda inasimama. Akampigia Eunice, akamuuliza amebakiwa na keni ngapi. Eunice alisema anamalizia za kuchelewa, apewe muda kidogo tu. Umati mzima ulisimama chini ya turubai ukisubiri maziwa ya Bunda. Eunice akasema tayari. Dorah akaiwasha Ulinzi.

Kwanza hakukuwa na kitu, kwa sababu watu wote waliokosa picha tangu asubuhi walirudi kwa mkupuo. Kiduara kilizunguka kwenye kila simu bandani. Wakati kinazunguka, Mstahiki, au huyo aliyedaiwa kuwa ndiye, alivuta pumzi, akapiga magoti ya mbele, akatulia, akapandisha mgongo na kusimama kwenda kula majani. Hakuna aliyemwona. Wote walikuwa wameinamia simu.

Picha ikaja. Kwenye picha kulikuwa na dume mkubwa, mwekundu, bega kama mlango wa kanisa, amelala, amewapa watu mgongo.

Mzee Mniko akainua uso kutoka kwenye simu, akamtazama ng'ombe aliye mbele yake, amesimama, anakula.

"Wako wawili," alisema. "Mmoja amelala, mmoja anakula. Sasa atuambie mtu, huyo aliyelala yuko wapi?"

Manung'uniko yakazidi. Vijana wawili wakazunguka nyuma ya banda kumtafuta aliyelala. Dorah akasema picha inachelewa, kinachoonekana kwenye simu ni cha muda uliopita, wangoje tu. Wakauliza itawezekanaje mtu aangalie ng'ombe wa muda uliopita. Ni Gody aliyeokoa hali bila kujua. Kwenye picha, pembeni, nyuma ya dume, watu walikuwa wanaonekana, na mmoja wao alikuwa anajikuna mgongo kwa ufunguo wa gari. Gody akauliza kwa hasira ni nani huyo aliyevaa shati lake.

Mama Hilda akaisogeza simu karibu na macho.

"Yule ni wewe," alisema. "Na huyu mwenye khanga kiunoni ni mimi." Akajigusa kifuani. "Mimi niko kule, na niko hapa. Sasa kama mimi niko pande zote mbili na ni mmoja, huyu naye kwa nini asiwe mmoja?"

Hoja ilikuwa nzito. Mzee Mniko, ambaye hakuwa mtu wa kushindwa kwa hoja moja, alitoa uamuzi: wangoje. Dume wa kwenye simu akisimama kama huyu alivyosimama, watakubali. Asiposimama, polisi waitwe.

Wakangoja. Umati mzima ulimpa mgongo dume aliye hai na kumkodolea macho dume wa kwenye simu. Kwaya iliacha kuimba. Mpishi aliacha kukoroga. Dorah naye alikuwa anaangalia, ingawa yeye peke yake alijua kwamba anachokisubiri kilikwisha tokea. Aliogopa hata hivyo. Alikuwa anamwomba Mungu kitu ambacho Mungu alikuwa amekwisha kifanya.

Kwenye simu, dume akavuta pumzi. Akapiga magoti. Akatulia, kituo kirefu mno, na mtu mmoja nyuma akaanza kusali kwa sauti. Mgongo ukapanda.

Vigelegele vilipigwa mpaka Kasmiri akadondosha fagio na kulia. Walimkumbatia. Mzee Mniko alimshika mkono Dorah na kumwambia amewarudishia dume wao. Walipogeuka kumtazama Mstahiki mwenyewe ili wampongeze, alikuwa amekwisha kula, amelala tena.

Kwa kuwa chakula cha msiba kilikuwa kimekwisha iva, na bodi ilikuwa imetimia, Mzee Mniko alifungua mkutano pale pale chini ya turubai. Dorah alieleza kwa lugha nyepesi kadiri alivyoweza. Dume na maziwa wanalala kwenye mashine moja, dume anaijaza yote, maziwa yanakosa pa kupita. Boniphace, aliyekuwa amefika kutoka Musoma na mkunjo wa suruali yake ukiwa bado unakata, alipendekeza dume aoneshwe Jumapili tu. Alizomewa kwa adabu. Mwingine akapendekeza dume auzwe na wabaki na picha. Hilo lilijadiliwa kwa muda kuliko Dorah alivyopenda. Mwisho alisimama yeye, akasema jambo ambalo lingepasa kuwa la kwanza: watenganishwe. Kila mmoja apewe mashine yake.

Likaja swali la nani achukue ile kubwa. Dorah alidhani hilo halina mjadala, maana ushirika ni wa maziwa. Mzee Mniko alimtazama kwa huruma.

"Mwanangu, maziwa yanapita," alisema. "Dume anakaa."

Wakapiga kura kwa mikono. Mstahiki alibaki kwenye mashine kubwa. Maziwa yote ya Bunda na Butiama yalipewa mashine ndogo kuliko zote zilizokuwepo, ile ambayo kampuni ya wingu huwapa wanafunzi wajifunzie. Dorah aliihamisha kazi hiyo akiwa amesimama, kompyuta juu ya boneti ya gari la Gody, sahani ya ugali na nyama pembeni. Alikuwa na hakika itakufa kabla ya jua kuzama. Haikufa. Alipofungua grafu yake, mstari ulikuwa umelala chini kabisa, hauna habari na mtu. Alidhani imegoma, akaikodolea macho, akaijaribu kwa keni ya uongo, namba ikatoka papo hapo. Maziwa hayakuwahi kuhitaji chochote zaidi ya hapo.

Wiki iliyofuata hakuna aliyepiga simu Buhare kulalamika. Mtindi ukaadimika Bunda, waliouzoea wakawa wanauulizia sokoni. Dorah akaketi mezani kwake, akipigiwa saluti na Boniphace kila anapopita, na alijisikia kama mtu aliyeshinda vita lakini hakumbuki adui alikuwa nani.

Ijumaa Eunice alipiga. Alianza kama kawaida yake, kwa utaratibu. Keni zote zimepokelewa. Tangi limejaa. Hakuna kilichoganda. Watu wanafika, wanamimina, wanaondoka. Mama Hilda siku hizi hazimi hata pikipiki iliyomleta. Mabenchi yeye mwenyewe Eunice ameyaingiza ndani yasinyeshewe. Yule mzee wa kigoda alikuja Jumatatu, akakuta hakuna mtu wa kukaa naye, hakurudi tena.

Taarifa ikaishia hapo. Dorah alisikia magari ya barabara kuu yakipita nyuma ya Eunice, na hakuna sauti nyingine.

"Dada Dorah," alisema Eunice, "nilikuwa nauliza tu. Huu mfumo hauwezi kupunguzwa kasi kidogo?"

Dorah aliangalia ule mstari uliolala chini ya grafu. Alimuuliza kidogo kiasi gani.

Eunice akafikiri. Akasema kiasi cha mtu kukaa chini na kuuliza habari za nyumbani.